Nani Kasema Katambuga Ni Tusi?

Wiki chache zilizopita, kwenye ukumbi mmoja wa harusi huku Tabata, mjomba wa bwana harusi alikwama katikati ya sakafu. MC alikuwa amewaita wajomba waje kutoa zawadi, muziki umeshapandishwa, naye akaja kwa madaha yote: suti ya kijivu, bahasha mkononi, bega moja juu. Hatua ya nne, soli ya kiatu cha kulia ikabaki nyuma. Hatua ya sita, ya kushoto nayo ikaifuata. Watoto waliokuwa wakicheza pembeni wakavamia vile vipande vyeusi, wakavifikicha vidoleni, vikawa unga kama keki iliyolala. Mjomba, mtu mzima na heshima zake, alimalizia safari akiburuza ngozi tupu.

Tulicheka, ndiyo. Lakini mimi kicheko kilinikatikia njiani, maana hii ni mara ya tano au ya sita naona kitu kile kile. Nimekiona msibani. Nimekiona kwenye mahafali. Nimekiona kwenye korido ya ofisi, kijana kaja kwenye usaili na kila hatua anapukutisha kama mti wa kiangazi. Na kila mara wajuzi hutoa hukumu moja: viatu feki hivyo! Si kweli, au si kweli yote. Viatu vya mjomba vilinunuliwa kwa bei inayouma, vikavaliwa mara mbili, vikarudishwa kwenye boksi juu ya kabati kusubiri shughuli kubwa. Huko kabatini ndiko vilikofia. Soli nyingi nyepesi za siku hizi ni povu la plastiki iitwayo poliyurethani, na plastiki hiyo huliwa polepole na unyevu wa hewa. Ukiongeza joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, miaka michache inatosha. Kukitunza kiatu cha namna hiyo hakukiokoi.

Msimamo wangu ni huu, na najua utawachekesha baadhi ya wasomaji: kila nyumba ya kawaida iwe na mtu mmoja anayeweza kukata na kushona, kwa mikono yake, kiatu cha kuvaa nyumbani na mtaani. Sijasema tuache kununua, wala sijasema sote tukakae chini ya mti na sanduku la fundi. Nasema tumekuwa watu wa kuvaa kitu tusichojua hata kimeshikanaje, na kutojua huko kunatutoa pesa mfukoni mwezi baada ya mwezi.

"Mguu wa asubuhi ni mwongo"

Nilikulia kwenye nyumba iliyokuwa na ujuzi huu, nikauona ukifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita ya Kagera, kwetu Korogwe hapakuwa na viatu. Sisemi vilikuwa ghali, havikuwepo. Duka la RTC, lile la serikali, lilikuwa na rafu, karani na kalenda ukutani. Viatu vya kiwanda cha Bora vikija vilikuja kwa mgao, na mgao ulikuwa na wenyewe. Siku moja baba akarudi na kipande cha tairi la lori begani, akaketi chini ya mwembe na kisu cha kuchinjia, beseni la maji na kopo la misumari.

Yale maji yalikuwa ya kisu. Kisu kikavu hunasa kwenye mpira; ukikilowesha kila mara kinateleza utadhani kinakata sabuni. Ilipofika jioni alituita mmoja mmoja, tukasimama juu ya boksi lililokunjuliwa, uzito wote kwenye mguu, akauzungushia penseli aliyoisimamisha wima. Kwa nini jioni? "Mguu wa asubuhi ni mwongo," alisema. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichopimwa alfajiri kitakubana saa tisa. Tairi lile lilikuwa na nyuzi za nailoni ndani, halikuwa na nyaya za chuma, kwa hiyo aliweza kulichana tabaka baada ya tabaka mpaka unene ukamridhisha. Mikanda ilitoka kwenye tyubu. Alitoboa matundu kwa patasi, akapitisha mikanda, akaigongelea misumari mifupi na kuikunja ncha. Jozi nne, jioni mbili.

Zilikuwa nzito. Zilikuwa zinateleza kwenye tope kama zilizonyweshwa mafuta, na wiki ya kwanza zilitutoa malengelenge kwenye gidamu, pale ukanda unapopita kati ya dole gumba na jirani yake. Lakini tulikwenda nazo shule, mtoni na shamba, na safura na funza vikatafuta miguu mingine. Njiani tuliangalia nyayo zetu kwenye vumbi tukabishana ni lori gani limepita.

Katikati ya muongo ule milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia, na haukupita muda kisu cha baba kikarudi kwenye kazi yake ya kuku. Hakuna aliyekililia. Katambuga, jina la viatu vile vya tairi, likawa neno la kumtania mtu aliyetoka shamba jana. Mimi mwenyewe nimelitumia hivyo, tena mbele ya baba, na leo nikikumbuka uso wake natamani ardhi.

Hapo ndipo tulipokosea. Hatukuacha kiatu tu, tuliacha na mkono uliokijua. Wenzetu wa Kenya waliziita akala, na huko nako jina hilo lilibeba dharau ile ile. Wakati huo huo, tairi lile lile likishonewa ukanda wa ngozi na safu tatu za shanga, likatundikwa kwenye duka la Arusha au Mji Mkongwe, mtalii analitolea dola bila kubisha sana. Mwethiopia Bethlehem Tilahun Alemu alianzisha kampuni ya viatu ya soleRebels mjini Addis Ababa katikati ya miaka ya 2000 kwa wazo ambalo kila kijiji chetu kilikuwa nalo: soli ya tairi, kazi ya mikono. Leo jina hilo linajulikana nje ya bara hili. Sisi tulikuwa na wazo, tukaona haya.

Na kama kazi hii ni ya watu duni, tumweke wapi Gandhi? Wakili aliyesomea London alijifunza kushona makubadhi akiwa Afrika Kusini, kwenye shamba walilolipa jina la Tolstoy karibu na Johannesburg. Alipoondoka nchi hiyo mwaka 1914 alimwachia jozi moja Jenerali Jan Smuts, mtu yule yule aliyempeleka jela. Smuts akazivaa viangazi vingi shambani kwake, na mwaka 1939 Gandhi alipotimiza miaka 70 akamrudishia kwa heshima. Mimi najaribu kufikiria waziri wetu mmoja akimpelekea mpinzani wake zawadi ya kandambili alizokata mwenyewe. Nashindwa.

Namba haiujui mguu wako

Ukiingia dukani unaulizwa swali moja: namba ngapi? Unajibu 42, kama mtu anayetaja jina la baba yake. Hiyo 42 ni nini hasa? Kipimo cha Ulaya huhesabu urefu wa kalibu, lile gogo lenye umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake, kwa vipande vya theluthi mbili za sentimita. Piga hesabu utapata sentimita 28. Waingereza wao hupanda kwa theluthi moja ya inchi, kipimo kilichoanzia kwenye punje ya shayiri. Urefu, basi. Upana je? Duka gani la mtaani kwako limewahi kukuuliza upana?

Mguu uliokulia peku hutanuka mbele, vidole vikaachana vikapumua. Miguu ya wengi wetu ni hiyo. Halafu tunaitia kwenye kiatu kilichochongewa mguu mwembamba wa mtu mwingine, kikiwa kipya au cha mtumba, na kidole kidogo kikiota sugu tunanunua dawa ya sugu. Karibu kila mtu ana mguu mmoja uliozidi mwenzake kidogo. Mimi ni wa kushoto, na nimegundua hilo nikiwa na miaka hamsini na kitu, siku niliyojichora mwenyewe kwenye boksi. Miaka yote hiyo nilidhani viatu vya kushoto ndivyo vina matatizo.

Kwa mtoto hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mguu wa mtoto haumsubiri mzazi apate mshahara. Kila Januari tunafanya ujanja ule ule. Tunanunua viatu vyeusi vya shule vyenye namba mbili za ziada, tunajaza pamba kwenye ncha, na mtoto anatembea mwaka mzima kama bata. Ikifika Septemba vimembana au vimepasuka. Siwezi kukushauri ushone viatu vya shule nyumbani. Kiatu cha kufunika kinataka kalibu, ngozi laini ya juu, bitana, mkono uliozoea, na mwalimu wa zamu hatakuelewa. Lakini hesabu saa. Mtoto huyo yuko shuleni sehemu ya siku tu. Saa zilizobaki, na Jumamosi, na Jumapili, na likizo, anacheza mpira, anachota maji na kukimbizana uani na viatu vile vile vya shule au peku kabisa. Hapo ndipo jozi ya nyumbani inapofanya kazi, kwa kuvipunguzia mwendo viatu vya dukani. Kwangu vya mwaka huu vimefika Oktoba na bado vina kisigino.

Jumamosi mbili za aibu

Nisijifanye mjuzi. Nilianza baada ya kumsikia kijana anayepita mtaani kwetu kila wikiendi akigonga sanduku lake la mbao, ko ko ko, wateja watoke. Nilimpelekea viatu vyangu viwili. Kimoja akakitengeneza. Cha pili akakikunja, akakinusa, akanirudishia. "Hiki hakishoneki, mzee. Uzi utashika nini?" Soli ilikuwa ya kumiminwa na kugandishwa, haina ukingo wa kupitisha sindano. Kiatu kilichotengenezwa ili kisitengenezeke! Nikamwomba anifundishe kile kinachoshoneka.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya tairi la bodaboda, nililopewa bure na kijana wa kijiweni aliyekuwa analitafutia pa kulitupa. Tairi la pikipiki lina nyuzi, mkanyagio wake hauna chuma, na mviringo wake unakumbatia unyayo. Ndiyo maana wafugaji wa Kimaasai wanalipenda. Tatizo likawa mimi. Nilichora mguu wa kulia, nikakata, nikafurahi, nikatumia kipande hicho hicho kukatia cha pili bila kukigeuza. Nikawa na viatu viwili vya kulia. Mke wangu aliviweka juu ya runinga siku tatu ili wageni waone. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia, lakini nilijiambia kwa sauti ndogo.

Jumamosi ya pili nikataka makuu, nikachukua tairi la gari dogo. Huku kwenye mkanyagio kuna nyaya za chuma nyembamba kama nywele. Ukikata zinachomoza na kuchoma hata kupitia glovu, na zikibaki kwenye soli siku moja zitaujua mguu wako. Fundi alicheka akanionyesha ubavu wa tairi: pale kuna nyuzi tu, kisu kinapita. Yeye anaijua tofauti hiyo kwa kidole. Akanifundisha na gundi, kwamba inapakwa pande zote mbili, inaachwa mpaka ikiguswa hainati, ndipo pande zinakutanishwa na kupigwa nyundo. Ukiwa na haraka, inabanduka wiki hiyo hiyo. Tena inapakwa nje, kwenye upepo, kwa sababu mvuke wake unapanda kichwani na ukiuzoea unaharibu mishipa ya fahamu. Chumba cha watoto si mahali pake hata kwa dakika mbili.

Kisha tukaingia kwenye ngozi, na hapo ndipo niliponasa. Fundi wa zamani hutoboa kwa maharazi kwanza, halafu hupitisha uzi mmoja wenye sindano mbili, kila moja ikitokea upande wake kwenye tundu lile lile, uzi umepakwa nta. Mshono huo ukikatika sehemu moja, sehemu nyingine zinabaki zimeshikana. Mshono wa mashine ukikatika unaweza kufumuka kama mkeka. Mafundi wa makubadhi wa Lamu, Mombasa na Unguja hawajahitaji kuambiwa hili na mtu.

Gharama? Tairi bure. Tyubu chakavu shilingi 2,000, misumari 1,000, kopo dogo la gundi 5,000 ambalo bado halijaisha. Muda ndio ghali: jozi ya kwanza iliyovalika ilinila saa tisa. Ya nne, saa tatu na nusu. Ukikokotoa saa hizo kama mshahara, kandambili ya Kariakoo inanishinda kwa mbali. Sibishi. Lakini kandambili ya Kariakoo huchomoka gidamu njiani na inatupwa siku hiyo, na sijasikia mtu akihesabu mshahara wa saa anazokaa mbele ya runinga akiangalia marudio ya mechi.

Ngozi inaondoka, kiatu kinarudi

Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Njombe, kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilijenga jina kwa dawa ya kusindikia ngozi inayotoka kwenye magome ya miwati. Pwani, magome ya mikoko yalitumika kwa kazi hiyo hiyo na kuuzwa nje tangu zamani. Mnyama tunaye, dawa tunayo, miguu tunayo. Kiatu kinatoka wapi?

Tulijaribu kwa ukubwa. Miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, kilijengwa kiwanda cha viatu Morogoro cha kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kuta za alumini, mpango mbovu wa hewa, katika Morogoro yenye joto lile! Hakikuwahi kufikia hata sehemu ndogo ya uwezo wake, Ulaya haikuviona viatu vyake, na mwaka 1990 kikafungwa. Miaka ile ile, fundi wa katambuga aliyekaa chini ya mti bila mkopo wala mshauri alikuwa anavisha watu.

Sipingi viwanda. Kenya ina Bata pale Limuru, sisi tuna Karanga pale Moshi, na viendelee. Ninachopinga ni kule kusubiri. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa AGOA, nafuu yake ya ushuru kwa bidhaa za Afrika, wengi wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nafuu hiyo ikasimamishwa kwa nguo zake. Siasa za wakubwa. Lakini katika mabishano yote yale sikumsikia mtu akiuliza, marobota ya mitumba ya soko la Karume yakisimama kesho asubuhi, mama wa watoto wanne pale Buguruni atafanyaje kesho kutwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kwetu sisi nduguye mwenyewe ni mtu aliyevichoka viatu vyake kule Ulaya.

Kiatu kwa asili hakikuwa jambo la kiwanda. Kwenye pango la Areni, nchini Armenia, wachimbaji walikuta kiatu chenye umri wa miaka kama 5,500: kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe kimekunjwa kikafungwa kamba, na nyasi ndani. Mtu mmoja alikaa akaangalia mguu, akaangalia ngozi.

"Sasa fundi atakula nini?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ni swali zuri. Je, mama ntilie amefunga kwa sababu watu wanajua kupika? Aliyewahi kuunguza wali ndiye anayejua thamani ya wali wa mwenzake. Usione vyaelea, vimeundwa. Zamani nilikuwa nabishana na yule kijana wa sanduku kwa ajili ya shilingi 500. Nilimwona mtu anayetia uzi tu. Siku hizi namwona akichagua mahali pa kutoboa ili mshono usikae pale kiatu kinapokunjika, na mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Dukani nako nimekuwa mteja msumbufu. Nakunja kiatu, natafuta mshono, nachungulia kama soli imeshonwa au imebandikwa, nauliza. Wauzaji wawili wameshaniambia niende kwingine.

Kama kuna hasara, ni ya yule anayetuuzia povu kwa bei ya ngozi. Huyo atafute kazi nyingine.

Wako pia wanaosema kazi hii ni ya wanaume wenye visu. Waende Mbagala wakaone. Kina mama wananunua soli za ngozi zilizokwishakatwa na mikanda mitupu, wanakaa barazani jioni wakishonea shanga huku chungu kiko jikoni. Wamebakiza hatua moja tu, ile ya kukata soli yenyewe, na faida iliyomo kwenye hatua hiyo sasa hivi anaila mtu mwingine.

Yule mjomba wa harusini nilimtafuta. Alikuwa bado hajavitupa viatu. Aibu ilimfanya avifiche uvunguni. Ngozi ya juu ilikuwa nzima kabisa, nzuri, imebaki kama nyumba iliyosombwa msingi. Jumamosi iliyopita tulikaa naye uani, yeye, mimi na kijana wa sanduku. Fundi alikwangua mabaki ya povu, tukakata ubavu wa tairi kufuata umbo, tukabandika, kisha fundi akazungusha mshono wa sindano mbili pande zote. Mjomba aliomba ashike sindano mwenyewe kwenye kisigino, akajichoma mara mbili, hakusema kitu.

Mwezi ujao anaozesha binti yake. Alivivaa, akasimama, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo na kurudi. Vilikuwa vizito kuliko mwanzo na vililia kidogo kwenye saruji.

"Vitasikika ukumbini?" akaniuliza.

"Vitasikika."

Akatembea tena mpaka kwenye kamba, safari hii bega moja likiwa juu. "Basi huyo MC nitamwambia muziki asiupandishe sana."